Roboti ya kununua na kuuza hisa kwa ishara: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Maswali haya yametoka kwa watu wa Mtwara Mjini, Masasi, Nachingwea na Lindi. Baadhi yao wanaandika programu. Wengine wana pesa ya msimu wa korosho mkononi na mpwa anayejua kompyuta. Tumejibu kwa urefu pale ambapo pesa hupotea, na kwa ufupi pale ambapo swali halina uzito kama linavyosikika. Humu hamna ushauri wa hisa ipi ununue.

Programu yenyewe inafanya nini?

Ishara ni ujumbe mfupi unaosema: nunua hisa fulani, au uza. Inaweza kutoka kwenye kanuni uliyoandika mwenyewe, kwenye chati ya TradingView (tovuti ya chati za bei), au kwa mtu unayemwamini. Programu huipokea, huikagua, hukokotoa idadi ya hisa, hutuma oda kwa dalali, huifuatilia oda hiyo mpaka ijazwe (yaani biashara ifanyike) au ife, kisha hulinganisha hesabu zake na hesabu za dalali.

Wengi wanaokuja kwetu wanadhani kazi kubwa iko kwenye kutuma. Kutuma oda ni mistari michache ya msimbo, na mfano wake unaupata kwenye maelezo ya dalali yeyote mwenye API, yaani njia ya programu yako kuongea na mfumo wake. Kazi inayobaki, yaani karibu yote, ni kuifundisha programu kukataa. Ikatae ishara iliyochelewa, ishara iliyoingia mara mbili, bei isiyoeleweka, oda kubwa kupita kiasi, na siku ambayo yenyewe haina hakika inamiliki hisa ngapi. Ukisoma majibu yaliyobaki utaona tunarudi hapo kila mara.

Naweza kuiunganisha na Soko la Hisa la Dar es Salaam?

Kwa mtu binafsi, usipange hivyo. DSE ilianza biashara Aprili 1998, hisa za kwanza zikiwa za TOL, na siku hizi mauzo yote hupita kwenye mfumo wa kielektroniki. Lakini mlango wa kuingilia mfumo huo ni madalali wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA. Wewe unampa dalali oda, au unaiweka kwa simu kupitia DSE Hisa Kiganjani. Kuna vijana wanaofikiria kuandika roboti ya kubonyeza vitufe vya programu ya simu badala ya kidole. Achana na hilo. Skrini ikibadilishwa kidogo tu, roboti inabonyeza pasipo, na unaweza kujikuta umevunja masharti ya huduma juu ya hasara.

Hata mlango ungekuwa wazi, hesabu ingekukatisha tamaa. Kwa miaka mingi makato ya oda ndogo DSE yamezunguka asilimia 2 kila upande. Kununua na kuuza kunakula karibu asilimia 4. Ishara inayotafuta faida ya asilimia 3 kwa wiki, ikifanikiwa kabisa, bado imekutia hasara. Tena hisa nyingi za DSE hazina wauzaji na wanunuzi wa kutosha: unaweza kuweka oda ya kuuza asubuhi ikakaa siku nzima bila mtu wa kuichukua.

Kinachofaa kwa DSE ni nusu ya roboti. Iandike programu isome taarifa ya bei za siku, ilinganishe na kanuni zako, ikutumie ujumbe: CRDB imefika bei uliyoitaka, au NMB imetangaza gawio. Oda unaiweka mwenyewe kwa dalali wako. Kwa mtu anayenunua na kushika hisa miaka, hiyo inatosha sana, na sisi wenyewe ndiyo tunayopendekeza kwa wengi wanaouliza swali hili.

Kiwanda cha Dangote kiko hapa hapa Mtwara. Roboti inaweza kuninunulia hisa zake?

Si kupitia DSE. Dangote Cement imeorodheshwa kwenye soko la hisa la Nigeria, kule Lagos. Kiwanda kuwa jirani yako hakuleti hisa zake Dar es Salaam. Vivyo hivyo gesi ya Mnazi Bay: mwendeshaji wake, Maurel & Prom, hisa zake zinauzwa Paris. Kampuni za saruji unazoweza kuzinunua DSE ni za kwingine, kama Twiga ya Wazo Hill.

Na mnada wa korosho wa TMX? Nao si soko la mtandaoni?

Ni soko la mtandaoni kweli, lakini halifanani na la hisa. Minada ya misimu ya karibuni inaendeshwa kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), wanunuzi ni wale waliosajiliwa, na mzigo unauzwa kwa makundi yaliyoko ghalani chini ya vyama vikuu kama MAMCU, TANECU, RUNALI na Lindi Mwambao. Bei ikitoka, wakulima wanaikubali au wanaikataa. Hamna bei inayopanda na kushuka kila sekunde ambayo roboti ingeifukuzia, na mkulima si yeye anayeingiza zabuni. Programu ya kukusanya bei za kila mnada na kuzituma kwa wanachama wa AMCOS kwa ujumbe mfupi, hiyo ina maana. Tumeiona ikitamaniwa Tandahimba kuliko roboti yoyote ya hisa.

Basi watu wanaotumia roboti wanatumia soko gani?

Zaidi ni la Marekani, kupitia madalali wenye API ya wazi kama Interactive Brokers na Alpaca. Kabla hujaandika mstari mmoja, hakikisha mambo mawili: kwamba dalali huyo anapokea wakazi wa Tanzania, na kwamba njia yako ya kupeleka pesa nje inakubalika. Kupeleka pesa nje kwa ajili ya uwekezaji kunasimamiwa na kanuni za fedha za kigeni za Benki Kuu. Ulizia kwenye benki yako, na ukikwama, Benki Kuu ina tawi hapa Mtwara. Nenda na maswali yako yameandikwa kwenye karatasi. Tumeona watu wamemaliza programu nzima ndipo wakagundua hawana pa kuiunganisha.

Soko la Marekani linafunguliwa saa ngapi kwa saa zetu?

Kwa saa za New York ni saa 3:30 asubuhi mpaka saa 10 jioni. Kwetu, wakati wao wa kiangazi, linafunguliwa saa 10:30 jioni na kufungwa saa 5 usiku. Wakirudisha saa nyuma, linafunguliwa saa 11:30 jioni na kufungwa saa 6 usiku. Mabadiliko yao hutokea Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Sisi hatubadilishi saa, kwa hiyo ni rahisi kusahau.

Kuna mitego miwili hapa. Wa kwanza: mtu anaandika kwenye mipangilio 10:30 kwa kuwa ndivyo anavyoitamka, seva (kompyuta inayoiendesha programu) inaelewa saa nne na nusu asubuhi, na roboti inashinda mchana kutwa ikigonga soko lililofungwa. Wa pili: anaandika 16:30 kwa saa za Dar es Salaam, mambo yanakwenda vizuri miezi kadhaa, kisha Novemba roboti inaanza saa nzima kabla ya soko. Dawa ni moja. Hifadhi kila kitu kwa UTC (saa ya kimataifa isiyobadilika), kokotoa muda wa soko kwa kutumia eneo la America/New_York, na kalenda ya sikukuu ichukue kwa dalali mwenyewe. Kuna siku za nusu pia: Ijumaa inayofuata sikukuu yao ya Thanksgiving soko hufungwa saa 7 mchana wa New York. Saa za Kiswahili ziache kwenye ujumbe unaotumwa kwenye simu yako.

Nina grupu la Telegram linalotoa ishara. Programu inaweza kuzisoma moja kwa moja?

Kiufundi, ndiyo. Kama wewe ni msimamizi wa chaneli, unaingiza roboti ya Telegram. Kama ni mwanachama tu, kuna maktaba za Python kama Telethon zinazosoma kupitia akaunti yako.

Shida ni maandishi yenyewe. Leo mwenye grupu ataandika "nunua AAPL 190-192" (yaani hisa za Apple), kesho "AAPL ipo vizuri hapa wakuu", keshokutwa ataandika "toka nusu" bila kusema nusu ya nini. Halafu wapo wanaorudi kuhariri ujumbe wa jana, au kuufuta kabisa ukienda vibaya. Programu ikijaribu kukisia, siku moja itakisia vibaya kwa pesa yako. Weka muundo mmoja mkali: jina la hisa, kununua au kuuza, bei, bei ya kuzuia hasara, muda wa mwisho. Ujumbe usiolingana na muundo huo herufi kwa herufi ukataliwe, na wewe upewe taarifa kwamba umekataliwa. Ujumbe uliohaririwa usihesabiwe kama ishara mpya.

Na kabla ya hayo yote, kaa na ishara za grupu hilo miezi michache ukiziandika zenyewe kwenye jedwali, pamoja na zile zinazofutwa. Wengi hawarudi tena kuomba programu baada ya zoezi hilo.

Na webuhuku ya TradingView?

Webuhuku ni ujumbe ambao tovuti hutuma yenyewe kwenye seva yako. Hiyo ni safi zaidi kwa sababu muundo unauandika mwenyewe. Chati ikitimiza sharti, TradingView inatuma ujumbe kwenye anwani ya seva yako kupitia mlango wa 80 au 443. Seva ikichelewa kujibu zaidi ya sekunde tatu, ombi linakatwa. Kwa hiyo kipokezi chako kisifanye kazi yoyote nzito. Kipokee, kihakiki neno la siri lililomo ndani ya ujumbe, kiandike kwenye hifadhidata, kijibu "sawa", basi. Sehemu nyingine ya programu ndiyo itakayoichukua ishara kwenye foleni na kuishughulikia. Anwani hiyo iko wazi duniani. Bila neno la siri, yeyote atakayeigundua anaweza kukununulia hisa.

Mtandao ukikatika katikati ya kutuma oda, nitajuaje kama imefika?

Hili ndilo swali bora kuliko yote kwenye orodha hii, na ni wachache wanaoliuliza kabla halijawapata.

Chukulia umetuma oda ya kununua hisa 10. Muunganisho unakatika kabla jibu halijarudi. Kuna mambo mawili yanayowezekana: oda haikufika kabisa, au ilifika na kujazwa ila jibu limepotea njiani. Upande wako yote mawili yanaonekana sawa. Programu ya kawaida hujaribu tena. Ikijaribu tena mara tatu, unaweza kujikuta na hisa 40 badala ya 10.

Utaratibu tunaoufuata ni huu. Kila ishara inapewa namba yake ya pekee inapoingia. Kutokana na namba hiyo, programu inatengeneza namba ya oda, na namba hiyo inaandikwa kwenye hifadhidata pamoja na hali "nakaribia kutuma" kabla ya kugusa mtandao. Ndipo oda inatumwa ikiwa na namba hiyo. Kwa Alpaca, kwa mfano, inaingia kwenye sehemu iitwayo client_order_id. Muunganisho ukikatika, programu hairudii kutuma. Inamuuliza dalali: una oda yenye namba hii? Akisema ndiyo, tunaichukua hali yake. Akisema hapana, tunaangalia umri wa ishara, na kama bado mbichi tunatuma tena kwa namba ile ile, ili dalali mwenyewe aikatae kama kumbe ya kwanza ilikuwa njiani.

Namba isitengenezwe kwa bahati nasibu wakati wa kutuma. Ukifanya hivyo kila jaribio linakuwa oda mpya machoni pa dalali, na ulinzi wote umekwisha.

Programu ikizimika na kuwaka tena, jambo la kwanza ni kuuliza hisa zilizopo na oda zilizo wazi kwa dalali. Hesabu yako ikipishana na yake, yake ndiyo ya kweli. Ni kama korosho, kilichopimwa ghala kuu ndicho kinachouzwa hata kama mzani wa kijijini ulisema vingine. Mpaka tofauti hiyo ipatiwe maelezo, programu isifungue nafasi mpya, yaani isianze biashara nyingine.

Oda ikijazwa nusu?

Hutokea sana kwenye hisa zisizo na biashara nyingi. Uliomba 10, ukapata 4, nyingine 6 zinasubiri. Hatari iko kwenye oda ya kuzuia hasara. Kama programu imeiweka ya hisa 10 kwa kuwa ndizo ilizoomba, bei ikishuka itauza 10 wakati unazo 4. Kwenye akaunti ya mkopo (ambako dalali hukukopesha) utakuwa umeuza hisa 6 usizokuwa nazo, na bei ikigeuka kupanda unaendelea kuumia. Kwenye akaunti ya fedha taslimu oda itakataliwa, nawe utabaki bila kinga ukidhani unayo.

Kinga ifuate kilichojazwa, si kilichoombwa. Kila taarifa ya kujazwa ikiingia, idadi ya kinga irekebishwe. Na oda iliyojazwa nusu iwe na muda wa kufa: ikipita dakika ulizoweka, sehemu iliyobaki inafutwa.

Nitumie oda ya bei ya soko au ya bei kikomo?

Bei kikomo, karibu mara zote: unataja bei ambayo hununui juu yake wala huuzi chini yake. Oda ya bei ya soko inasema "nipe kwa bei yoyote", na kuna siku "yoyote" inakuwa ya ajabu. Tarehe 3 Juni 2024 hitilafu ya kiufundi kwenye soko la New York ilifanya hisa za daraja A za Berkshire Hathaway, ambazo moja huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, zionekane zimeuzwa kwa dola 185. Biashara za bei hizo zilifutwa baadaye. Roboti iliyoona punguzo la karibu asilimia 100 ikakimbilia kununua haikupata chochote ila usumbufu.

Wiki moja baadaye kulikuwa na somo jingine. NVIDIA iligawanya kila hisa kuwa 10, na tarehe 10 Juni ilianza kuuzwa kwa bei mpya. Ijumaa ilifunga ikiwa juu ya dola 1,200, Jumatatu iko karibu na 120. Hakuna aliyepoteza kitu. Ila programu iliyohifadhi bei za zamani bila kusoma taarifa za mgawanyo iliona anguko la asilimia 90, na yenye kanuni ya "uza ikishuka asilimia 8" ingeuza. Kwa hiyo weka sharti: bei ikihama zaidi ya kiasi fulani kutoka ile ya mwisho unayoijua, roboti isimame na kukuita. Ikuite bure mara kumi, haidhuru.

Idadi ya hisa inapangwaje?

Kwa hasara unayoweza kuivumilia. Akaunti ina dola 2,000, umeamua biashara moja isikutoe zaidi ya asilimia 1, yaani dola 20. Ishara inasema nunua kwa 50, kinga iwe 48. Tofauti ni dola 2, basi hisa ni 10, thamani ya dola 500.

Sasa oda inapofika bei imekuwa 50.60. Tofauti na kinga ni 2.60, na hisa 10 zingekuweka kwenye hatari ya dola 26. Programu ikokotoe upya: hisa 7. Au, kama tunavyopendelea, ikatae kabisa, kwa sababu bei imeshahama karibu theluthi ya umbali wa kinga na ishara hiyo si ile iliyopimwa tena. Juu ya hapo kuwe na vikomo visivyohusiana na ishara yoyote: thamani ya juu ya oda moja, idadi ya oda kwa siku, na hasara ya siku ambayo ikifikiwa roboti inafunga duka mpaka kesho. Vikomo hivi viandikwe sehemu tofauti na kanuni za ishara, ili mtu anayerekebisha kanuni usiku wa manane asiviguse.

Umeme wa huku unajulikana. Niiweke kwenye laptopu yangu?

Hapana. Kodi seva nje, Ulaya au mashariki mwa Marekani, kwa dola chache kwa mwezi. Laptopu yako iwe dirisha la kuangalilia tu. Si umeme peke yake: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika kusini mwetu, na intaneti ikalegea Tanzania nzima na nchi jirani. Seva iliyokuwa nje iliendelea na kazi; aliyekuwa ameiweka roboti nyumbani Shangani au Mtanda alikuwa na hisa asizoweza kuziona.

Kwa sababu hiyo hiyo, oda ya kuzuia hasara ikae kwa dalali, isikae kwenye kumbukumbu ya programu yako. Seva nayo hufa.

Niandike kwa lugha gani?

Python. Hifadhidata ya SQLite inakutosha. Pesa usizihesabu kwa namba za desimali za kawaida za kompyuta. Tumia aina ya Decimal, au hesabu kwa senti.

Nitashindana vipi na roboti za Wall Street zenye kasi?

Hushindani nazo. Wale wamepanga mashine zao ndani ya majengo ya soko. Ishara yako ikitegemea kuwahi sekunde, itupe. Ishara ya kushika hisa siku kadhaa haijali kama oda imechukua nusu sekunde zaidi.

Nikishajaribu kwenye akaunti ya demo ikafanya vizuri, niko tayari?

Demo, yaani akaunti ya pesa za kuigiza, inakuambia kama msimbo unafanya kazi. Kuhusu faida inakudanganya kidogo, kwa kuwa hujaza oda zako kwa urahisi kuliko soko halisi. Tumia demo kuitesa programu: zima mtandao katikati ya oda, tuma ishara ile ile mara tano, tuma ishara ya jana, ua programu sekunde moja baada ya kutuma, weka bei ya sifuri. Kisha nenda kwenye pesa halisi kwa hisa moja moja, hata kama makato yanakula faida yote. Unalipia mafunzo.

Makosa makubwa hutokea kwa kampuni zenye wataalamu pia?

Soma kisa cha Knight Capital, kampuni ya Marekani. Siku chache kabla ya tarehe 1 Agosti 2012 waliingiza msimbo mpya kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane ilibaki na msimbo wa zamani uliokuwa hautumiki miaka mingi, na alama ya kuuwasha msimbo mpya ikawa ndiyo iliyokuwa ikiuwasha ule wa zamani. Ulikuwa umepoteza uwezo wa kujua kwamba oda imeshajazwa, kwa hiyo uliendelea kutuma. Asubuhi ya tarehe 1 hiyo, oda 212 za wateja zilizaa mamilioni ya biashara katika muda wa dakika kama 45. Hasara ilipita dola milioni 460, kwa hesabu ya tume ya masoko ya Marekani, SEC, ambayo mwaka uliofuata iliwatoza faini ya dola milioni 12.

Kinachotugusa sisi wadogo ni jambo lililo pembeni ya kisa. Kabla soko halijafunguliwa asubuhi ile, mfumo wao ulituma barua pepe 97 zenye kutaja hitilafu. Hazikuwa zimepangwa kama kengele ya hatari, na hakuna aliyechukua hatua. Kwa hiyo roboti yako isikutumie ujumbe kila inapopumua. Taarifa za kawaida ziende sehemu moja, mara moja kwa siku. Zile za hatari ziende sehemu nyingine yenye mlio wa pekee, na kila moja iseme kitu cha kufanya. Na msimbo usiotumika ufute, usiuache eti huenda ukahitajika.

Kuna mtu anauza roboti iliyo tayari, anaahidi asilimia 30 kwa mwezi. Ninunue?

Usinunue. Mwenye mashine ya namna hiyo asingehitaji laki tatu zako. Waliokuwepo wakati wa upatu wa DECI mwaka 2009 watakukumbusha ahadi za namna hiyo ziliishia wapi. Akikuomba pesa uweke kwenye akaunti yake badala ya ya kwako, ondoka hapo.

Mjomba na wenzake wa kijiwe wanataka niwazungushie pesa zao kwa roboti yangu. Inaruhusiwa?

Kusimamia uwekezaji wa watu wengine au kuwashauri kwa malipo kunahitaji leseni ya CMSA, chini ya Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994. Udugu hauondoi sharti hilo. Mwambie mjomba kwa heshima kwamba utamsaidia kufungua akaunti yake mwenyewe kwa dalali mwenye leseni, na maamuzi yabaki mikononi mwake. Tena fikiria pia msiba wa Mikindani ambapo utakaa mkeka mmoja na watu kumi uliowapotezea pesa.

Kodi je?

Gawio la kampuni zilizoorodheshwa DSE hukatwa asilimia 5 kabla halijakufikia. Gawio la hisa za Marekani, kwa mkazi wa Tanzania, hukatwa asilimia 30, kwa kuwa hatuna mkataba wa kodi nao. Kwa faida ya kuuza hisa za nje, beba kumbukumbu za programu yako uzipeleke kwa mhasibu au TRA. Hii ni sababu nyingine ya kuandika kila oda, tarehe yake, bei yake na makato yake tangu siku ya kwanza.

Funguo za API nizihifadhije?

Nje ya msimbo, na zisipandishwe GitHub (tovuti ya kuhifadhia msimbo) hata kwenye hazina ya faragha. Chagua funguo zisizoruhusu kutoa pesa, na kama dalali anakubali, zifungie anwani ya seva yako tu.

Nikiwa shambani Liwale au baharini Msimbati hakuna mtandao, nani atazima?

Panga kabla hujaondoka. Kwanza, programu yenyewe: isipopata neno kutoka kwako kwa saa 24, iache kufungua nafasi mpya, ishughulike na zilizopo tu. Pili, kinga ziwe tayari kwa dalali kama tulivyosema. Tatu, mtu wa nyumbani. Mke, mume, dada, yeyote anayepokea simu usiku. Mwekee ukurasa mmoja wenye amri ya kuzima inayotumwa kwa ujumbe wa Telegram kutoka kwenye simu yake, na maelezo ya jinsi ya kujua kama imezimika kweli. Amri hiyo ifanye mambo mawili kwa mpangilio huu: ikatae ishara zote mpya, kisha ifute oda zote za kununua zilizo wazi. Isiuze hisa zenyewe. Uamuzi huo usubiri urudi.

Mfanyishe zoezi jioni moja soko likiwa wazi, ukiwa na hisa moja tu kwenye akaunti, wewe ukiwa umekaa pembeni bila kusema neno.